Kutoka Kamsamba Hata Dar es Salaam kwa Eropleni

Wazee wa kwetu Kamsamba hawakupima njia kwa maili wala kwa kilometa. Walipima kwa siku. Ulipomwuliza mzee, "Je, Lupa ni mbali?" hakukujibu kwa namba, bali alisema, "Utalala njiani mara nne." Jibu hilo lilitosha, maana papo hapo ulijua uchukue unga kiasi gani, na kama ulikuwa na mtoto mdogo ulijua kwamba yafaa umwache kwa bibi yake. Mwendo wa siku moja wa kupanda mlima ulikuwa na maili chache kuliko mwendo wa siku moja katika tambarare ya Rukwa, lakini kwa msafiri ilikuwa sawa, kwa sababu miguu ilichoka sawasawa na jua lilikuchwa sawasawa.

Babu yangu, Mwanda aliyezaliwa kando ya mto Momba, alikwenda kwa miguu hata machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, katika miaka ya 1930. Vijana wengi walikwenda huko siku zile kutafuta fedha ya kodi na ya nguo. Kazi yake ilipokwisha alishuka Mbeya kumnunulia mama yake kaniki, na huko ndiko alikoona eropleni kwa mara ya kwanza. Umbo lake halikumsumbua sana. Alisema ni kama panzi mkubwa, basi. Neno lililomshangaza lilikuwa jingine. Alimwuliza mtu aliyekuwa akifukuza ng'ombe wasiingie kiwanjani, "Imetoka wapi?" Akajibiwa, "Dodoma." "Imeondoka Dodoma siku gani?" "Leo." Babu alikuwa amekutana na watu wa Dodoma huko Lupa, naye alijua kwamba ni mwendo wa nusu mwezi. Akaona ya kuwa yule mtu anamdhihaki, akachukua kaniki yake akaenda zake.

Walakini yule mtu alisema kweli. Tarehe 20 Januari 1932 kampuni ya Waingereza iliyoitwa Imperial Airways ilianza kupeleka barua kwa eropleni kutoka London hata Cape Town, na tangu mwezi wa Aprili mwaka ule ule ikachukua na abiria. Eropleni ilipita mara moja kila juma kwa kwenda, na mara moja kwa kurudi. Njia yake ilifuata mto Nile kutoka Misri, ikapita Khartoum, Juba, Kisumu na Nairobi, kisha Moshi, Dodoma na Mbeya, ikaendelea Mpika na Broken Hill, mji uitwao leo Kabwe, na Salisbury, ambao leo ni Harare, hata ikafika mwisho wa bara. Kutoka Dodoma hata Mbeya kwa mstari mnyofu ni kama kilometa 400. Eropleni zilizotumika katika sehemu hii miaka ya kwanza ziliitwa Hercules. Zilikuwa na mitambo mitatu, zikachukua abiria saba, na mwendo wake ulikuwa kama maili 110 kwa saa, yaani kilometa 177. Gawanyeni wenyewe, nanyi mtaona kwamba Dodoma na Mbeya zilikuwa zimeachana kwa saa mbili na robo tu. Mtu aliyehesabu nusu mwezi angewezaje kusadiki?

Sasa tazameni jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko mwendo wa eropleni wenyewe. Njia nzima kutoka London hata Cape Town ilikuwa kama maili 8,000. Ukigawanya 8,000 kwa 110 utapata saa 73, ndizo siku tatu na saa moja. Lakini safari ile ilichukua siku 11. Je, siku nane zilikwenda wapi?

Zilikwenda chini, juu ya ardhi. Abiria aliruka kutoka London hata Paris, akashuka, akapanda gari la moshi hata Brindisi, bandari ya Italia. Hapo alipanda eropleni ya majini ya kuvuka bahari. Alipofika Alexandria alipanda tena gari la moshi hata Cairo. Baada ya Cairo eropleni hazikuruka usiku, maana njiani hapakuwa na taa za kuongoza, hivyo kila jioni abiria walishuka kulala, na asubuhi walingoja kupambazuke. Mchana nao ulikatwa vipande vipande, kwa sababu eropleni haikuweza kuchukua petroli ya njia ndefu. Ilitua, ikajazwa, ikapaa, ikatua tena. Kila kutua kulikula saa, na kama mvua ilikuwa imelowesha kiwanja kulikula na siku.

Waliowatangulia hao walipata taabu kubwa zaidi. Mwaka 1919 Waingereza walituma watu kutengeneza viwanja vya kutulia kutoka Cairo hata Cape Town. Kimojawapo kilikuwa Abercorn, mji uitwao leo Mbala, katika nchi ya Zambia, ambao si mbali na kwetu. Wachungaji na wafanya biashara wa bonde letu waujua. Watu walikata miti na kuchimbua vichuguu ili eropleni zipate mahali palipo sawa. Tarehe 4 Februari 1920 maofisa wawili wa Afrika ya Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Uingereza kwa eropleni waliyoiita Silver Queen. Ilivunjika katika Misri ya kusini. Wakapewa ya pili, nayo ikavunjika Bulawayo. Wakapewa ya tatu, na kwa hiyo wakafika Cape Town tarehe 20 Machi. Walihesabiwa kuwa angani saa 109 na nusu. Njiani walikuwa siku 45. Mtu akiniuliza ni muda gani kutoka Uingereza hata Cape Town mwaka 1920, nimjibu nini? Saa 109 ni kweli, na siku 45 ni kweli. Lakini mama zao waliokuwa wakingoja habari walihesabu siku, sidhani kama walihesabu saa.

Mbeya haikukaa katika njia ile kuu siku nyingi. Mwaka 1937 kampuni ile iliacha njia ya bara, ikatumia eropleni kubwa za majini, ambazo hazikuhitaji kiwanja ila maji tu. Kutoka Kisumu zilielekea pwani, zikatua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi, zikaendelea kusini hata Durban. Hivyo mji uliokuwa umekaribia London kwa miaka mitano ukawa mbali tena, ingawa haukusogea hata hatua moja. Siku hizi eropleni za kutoka London hazitui njiani kabisa zikienda Cape Town. Zapita juu sana, usiku, abiria wamelala, na safari ile ya siku 11 imekuwa ya saa 11 na nusu.

Kwetu sisi kiwanja kilicho karibu ni kile cha Songwe. Msidanganyike na jina. Kiwanja cha Songwe hakimo katika mkoa wetu wa Songwe, kimo katika mkoa wa Mbeya, upande wa magharibi wa mji. Kilifunguliwa mwezi wa Desemba 2012, na mkoa wetu ulianzishwa mwaka 2016. Kabla ya hapo eropleni zilitua katika kiwanja cha zamani kilichokuwa ndani ya mji wa Mbeya. Kile kilikuwa juu mlimani, kama mita 1,700 juu ya bahari, na njia yake ya kukimbilia ilikuwa fupi. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, mabawa hayapati kitu kizito cha kuegemea, na kwa hiyo eropleni yahitaji kukimbia mbali zaidi kabla haijainuka. Ndiyo maana eropleni kubwa zilishindwa kutua pale. Songwe ni chini kuliko mji kwa mita zaidi ya 300, na njia yake yapita kilometa 3 kwa urefu.

Kutoka Songwe hata Dar es Salaam ni mbali gani? Mnaweza kupima bila kutoka darasani. Kiwanja cha Songwe kiko nyuzi 8 na dakika 55 kusini, na nyuzi 33 na dakika 16 mashariki. Kile cha Dar es Salaam, kiitwacho kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere, kiko nyuzi 6 na dakika 53 kusini, na nyuzi 39 na dakika 12 mashariki. Basi Dar es Salaam iko kaskazini ya Songwe kwa nyuzi 2 na dakika 2, na mashariki yake kwa nyuzi 6 kasoro dakika 4. Uzi mmoja wa kwenda kaskazini ni kama kilometa 111, na huku kwetu uzi mmoja wa kwenda mashariki ni kama kilometa 110. Kwa hiyo ni kilometa 653 mashariki na kilometa 226 kaskazini. Chukueni karatasi yenye miraba, sentimeta moja iwe kilometa 100. Pigeni mstari wa sentimeta 6 na nusu kwenda mkono wa kulia, kisha wa sentimeta 2 na robo kwenda juu, halafu unganisheni ncha mbili kwa rula. Mstari huo wa mshazari utakuwa karibu na sentimeta 6 na milimeta 9. Ndizo kilometa 690. Barabara ya lami, yenye kupita Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, Mikumi na Morogoro, yazidi kilometa 830, maana barabara yazunguka milima, na eropleni haina habari na milima.

Na tukiwa bado na namba hizo mbele yetu, kuna jambo jingine dogo. Dunia yazunguka nyuzi 15 kila saa, yaani uzi mmoja kwa dakika 4. Nyuzi 6 ni dakika 24. Basi jua lipitapo juu ya watu wa Dar es Salaam, sisi twangoja kama dakika 24 ndipo lifike kwetu, ingawa saa zetu za mkononi zasema sawasawa.

Mwanafunzi mwenye akili atasema, "Eropleni yenye mapanga yaenda zaidi ya kilometa 600 kwa saa, kwa hiyo kilometa 690 zapita saa moja kidogo tu." Lakini eropleni haiendi kasi moja tangu mwanzo hata mwisho. Kwanza yajikokota chini kama gari mpaka mwanzo wa njia yake. Kisha yapaa, na ipaapo huenda polepole kuliko ikiwa imekwisha kupata kimo chake. Ikaribiapo mwisho hupunguza mwendo na kushuka kwa kitambo kirefu, na huenda ikazunguka ili itue kwa kuelekea upepo. Tena kuna upepo wa njiani. Waliowahi kupiga kasia katika mto Momba wajua ya kuwa nguvu zile zile za mikono hukufikisha upesi ukifuata maji, na hukuchelewesha ukipingana nayo. Hewa nayo ni mto. Eropleni yapiga mbio ndani yake, na yenyewe yachukuliwa. Kwa ajili hiyo mimi nilipopanda mwaka 2019 twalikaa angani saa moja na dakika 20.

Safari yangu ile ilikuwa hivi. Jumanne moja ya mwezi wa Machi, jioni, simu ilitoka Dar es Salaam. Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba yangu, alikuwa hospitali, na waganga walikuwa wameamua kumpasua siku ya Alhamisi, saa nane mchana. Naye alisema kwamba kabla ya kulazwa usingizi ataka kuniona mimi. Twalijua sababu. Babu alikuwa ameacha shamba la mpunga kando ya Momba, na jiwe la mpaka wake lilikuwa limefukiwa na mafuriko. Ukoo wetu na ukoo wa jirani walikuwa wamekwisha kugombana mara mbili, na mara ya pili watu walishika mapanga. Katika watu wote waliokuwa hai, aliyetembea juu ya mpaka ule pamoja na babu alikuwa ni baba mdogo peke yake. Namalimwambia kwa simu, "Baba, nieleze sasa hivi, nitaandika." Akakataa. Alisema kwamba neno la mpaka halisemwi gizani, na kwamba simu ni giza, kwa sababu hakuona uso wa aliyekuwa akisikia wala hakujua ni nani wengine waliokuwa wakisikia.

Mabasi yasingalitufaa. Siku zile mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku, na basi la Alhamisi lingefika Dar es Salaam jua limekuchwa. Mama akauza magunia manne ya mpunga usiku ule ule ili nipate nauli ya eropleni. Mdogo wangu, aliyeikata tikiti kwa simu, alicheka akasema, "Saa moja na dakika 20! Utafika kabla chai yako haijapoa."

Jumatano naliondoka Kamsamba saa kumi na moja alfajiri, juu ya lori la mpunga. Kutoka kwetu hata Mlowo, mahali barabara yetu ikutanapo na barabara kuu ya Tunduma, ni kilometa kama 130. Ilikuwa masika. Udongo wa bonde letu ni mweusi, na unyeshewapo huwa kama ugali usioiva. Katika korongo la kwanza twalipita. Katika la pili lori lilizama hata ekseli. Utingo alikata matawi akayatia chini ya magurudumu, nasi abiria twalisukuma, tukashindwa, tukapakua magunia yote tukayaweka juu ya nyasi, tukasukuma tena. Saa nne nzima zilipita pale. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgonjwa hakusukuma, naye hakuna aliyemlaumu, alikaa juu ya gunia akiangalia njia ya mbele, na kila mara aliuliza, "Bado mbali?" Hakuna aliyemjibu kwa kilometa.

Twalianza kupanda ukuta wa bonde mchana, tukafika Mlowo saa moja usiku. Kilometa 130 kwa saa 14. Kutoka hapo hata kiwanja cha Songwe ni kama kilometa 40, lakini kiwanjani hapalaliwi na Mlowo pana vyumba vya wageni, basi nalilala hapo. Sikusema nalilala usingizi.

Asubuhi ya Alhamisi nalikuwa kiwanjani saa kumi na mbili na nusu. Eropleni ilikuwa ifike na kuondoka saa mbili. Saa mbili ikafika, na ukungu ulikuwa umeshuka hata sikuona miti ya upande wa pili wa njia. Rubani hawezi kutua asipoona, kwa hiyo eropleni ilikuwa ingali Dar es Salaam ikingoja habari njema kutoka kwetu. Abiria waliovaa vizuri walianza kutembea huku na huku. Mimi naliketi nikahesabu. Saa tatu: saa tano zimebaki. Saa tatu na nusu: nne na nusu. Mtu akihesabu namna hiyo, kilometa hazimsaidii neno. Kule angani njia ilikuwa fupi kama ilivyokuwa jana, lakini mimi nalikuwa chini.

Jua likapata nguvu, ukungu ukainuka, eropleni ikaja. Twalipaa saa nne na nusu. Ningependa kuwaeleza mengi niliyoyaona dirishani, lakini yalikuwa mawingu, na mara moja palipofunuka naliona mto mkubwa wa rangi ya udongo ambao jirani yangu aliniambia ni Ruaha. Sikumwuliza ameujuaje. Nilikuwa nikitazama saa. Twalitua saa sita kasoro dakika kumi.

Kutoka kiwanja kile hata hospitali aliyolazwa baba mdogo ni kilometa kama 12. Mtu wa miguu mwenye haraka hufika kwa saa mbili na nusu. Gari nalilopanda lilitoka kiwanjani saa sita na robo, likaingia katika foleni ya magari, na mimi nikaingia hospitali saa saba na nusu. Zilibaki dakika 30.

Sasa fanyeni hesabu hii, maana mimi niliifanya katika benchi la hospitali baadaye, na nikairudia nikidhani nimekosea. Tangu Kamsamba hata kitanda cha baba mdogo nilitumia saa 32 na nusu. Saa moja na dakika 20 nalikuwa angani, nikapita kilometa 690. Saa 31 na dakika 10 zilizosalia nalikuwa juu ya ardhi, katika lori, katika matope, kitandani Mlowo, kiwanjani, na katika foleni. Na kilometa nilizopita kwa saa hizo zote ni 182. Ukigawanya, angani nalikwenda kilometa zaidi ya 500 kila saa. Chini nalikwenda chini ya kilometa 6 kila saa. Ni kweli kwamba nimeutia ndani na usiku, lakini babu naye alilala njiani. Mtu mzima akitembea vizuri hupita kilometa 5 kwa saa. Basi wale waliogundua mitambo hii walikuwa wameikata katikati ya safari yangu wakaitupa, na ncha zake mbili wakaniachia kama zilivyokuwa siku za babu.

Baba mdogo alikuwa amevikwa nguo ya kijani ya hospitali. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akajibu, "Marahaba, mwanangu," kisha akatazama viatu vyangu, maana vilikuwa na udongo mweusi wa kwetu mpaka juu, akatabasamu. "Umekuja kwa lori au kwa ndege?" Nikamwambia, kwa vyote viwili. "Umetumia muda gani?" Nikamwambia, siku moja na nusu. "Niliambiwa saa moja," akasema. Nikamwambia kwamba hiyo nayo ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi waliokwambia walikuwa wanakaa kiwanjani."

Akaniamuru nifunge mlango na nimwite muuguzi awe shahidi. Akaeleza mpaka tangu mkuyu mkubwa hata jiwe lililofukiwa, kutoka jiwe hata kichuguu, na kutoka kichuguu hata ukingo wa zamani wa mto, siyo ule wa sasa. Nikaandika, nikamsomea, akarekebisha neno moja. Kisha tukasali pamoja. Walimchukua saa nane kasoro dakika tano.

Mungu alimjalia, akapona. Alikaa Dar es Salaam hata mwezi wa Julai, akarudi kwetu kwa basi, na kutoka Mlowo kwa gari dogo, maana ilikuwa kiangazi na njia ilikuwa kavu; alifika siku moja na akalalamika kwa vumbi tu. Juma lile lile aliwaita wazee wa koo zote mbili. Alisimama chini ya mkuyu, akavua viatu, akaanza kutembea akihesabu hatua kwa sauti, na wazee wa upande wa pili wakihesabu pamoja naye. Alipofika 212 alisimama akasema, "Chimbeni hapa." Vijana walichimba kimo cha mkono mmoja wakagonga jiwe. Tulipanda minyaa kwa kufuata mstari ule, na mvua za kwanza zilipokuja ikashika.